Mzee wa Tanganyika ndani ya maji ya Quabbin: leseni anayo, kosa liko wapi?

Nianze na picha moja maana kisa chote kimekaa humo. Jumamosi ya mwanzoni mwa Mei, asubuhi, jua limetoka ila baridi bado inauma, na mzee wa miaka 71 kasimama ndani ya maji mpaka magotini. Suruali kaikunja, viatu kaviacha juu ya jiwe kavipanga vizuri kama mtu anayeingia msikitini, mkononi ana mshipi kauzungusha kwenye chupa ya soda, wala hana habari na hizi fimbo za kisasa. Kutoka juu kwenye miti anashuka mzungu mmoja wa yunifomu, hapigi kelele lakini anatembea ile ya haraka ya mtu aliyeona kitu. Na mimi niliyemleta mzee niko kwenye gari natafuta waya wa chaji.

Mahali penyewe panaitwa Quabbin, bwawa la maji ya kunywa katikati ya jimbo la Massachusetts huku Marekani, kama kilomita 100 magharibi ya Boston. Ukifika hutasema ni bwawa, utasema ziwa. Urefu ni kama kilomita 29, lina visiwa, misitu imelizunguka pande zote, nyumba hamna hata moja kwenye ukingo. Likijaa linabeba galoni bilioni 412, yaani lita trilioni moja na nusu hivi, na linanywesha Boston na miji jirani, watu karibu milioni 3, halafu kuna miji michache ya huku magharibi nayo inavuta humo humo, mmojawapo ni Chicopee ambako mzee anaishi na mwanae. Hiyo Chicopee ikumbuke, tutairudia.

Mzee ni mtu wa Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini. Alikua kwenye ziwa Tanganyika, usiku na taa za karabai wakivuta ndagala, mchana mikeke kwa mshipi. 1996 vita ikawatoa, wakavuka ziwa wakaingia Tanzania, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu huko, na Nyarugusu hakuna ziwa. Mvuvi kakaa zaidi ya miaka 20 mahali ambapo maji ni ya bomba na ya foleni, alafu ndo akaletwa Marekani. Sasa siku mwanae ananiambia baba anakaa dirishani tu, hatoki, mi nikasema subiri, hili nalijua dawa yake. Nafanya kazi ya ukalimani, watu wetu wengi wa hapa napita nao hospitali na mashuleni, kwahiyo nilijiona najua mambo. Hapo ndo kosa la kwanza lilipoanzia na ni langu.

Niliingia mtandaoni nikamtolea leseni ya kuvua. Jimbo hili ukiwa na miaka 70 au zaidi leseni ya maji baridi ni bure, dakika kumi ikawa imetoka, nikaiprinti nikamkabidhi, mzee akaikunja akaiweka kwenye kile kipochi anachotunzia karatasi zake za ukimbizi. Mtu aliyeishi kambini anajua thamani ya karatasi yenye jina lake. Kwake yeye, na kwangu pia nisijifanye mjanja, ile karatasi ilikuwa na maana moja: serikali imesema vua.

Kumbe ile karatasi inahusu samaki tu, maji haiyahusu kabisa. Samaki wana mwenyewe, ni idara ya wanyamapori na uvuvi, wao ndo wanatoa leseni, wanapanga urefu wa samaki na idadi ya kuchukua. Bwawa lenyewe na ukingo wake lina mwenyewe mwingine, mamlaka inayolinda chanzo cha maji, na huyu ana sheria zake juu ya zile za samaki: unaingilia geti gani, sehemu gani unavua na gani usikanyage, msimu unafunguliwa Aprili katikati unafungwa Oktoba, barafu ikiganda hakuna kuitoboa na kuvua juu yake, mbwa haruhusiwi, moto hapana, pombe hapana. Na kubwa kuliko yote, mwili wako usiguse maji. Kuogelea hapana, na kuingia hata kwa miguu hapana. Hiyo ya mwisho sikuisoma, nilisoma ya msimu na ya geti nikaridhika, tukaingilia geti namba 8 upande wa Pelham kama watu wenye haki zao.

Basi nikakimbia nikafika. Yule bwana, ni askari wa hilo bwawa, hakuwa mkali. Akaniomba nimwambie mzee atoke majini kwanza alafu ndo tuongee. Mzee akatoka taratibu, akakaa kwenye jiwe, akaanza kupangusa miguu na kofia yake, akatoa kipochi, akatoa leseni, akamnyooshea. Askari akaitazama akasema leseni iko sawa, shida ni miguu. Nikatafsiri. Mzee akanitazama mimi, sio askari.

"Mutoto wangu, muulize hivi. Hii samaki, mimi niko na ruhusa ya kumutoa mu maji. Nitamutoa namna gani kama maji yenyewe iko mwiko?"

Nikatafsiri nusu nusu. Askari akacheka kidogo, akasema watu karibu milioni 3 wanakunywa hapa, na haya maji hayachujwi.

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana kila kitu kinatoka kwenye hilo neno, hayachujwi. Maji mengi ya mijini duniani yanapita kwenye mchanga na machujio kabla ya dawa. Ya Quabbin hayapiti. Yanapigwa dawa na mwanga mkali wa urujuanimno na huko Boston wanaongeza ozoni, basi, chujio hakuna. Miji mikubwa ya Marekani yenye bahati hiyo inahesabika, New York sehemu kubwa ya maji yake iko hivyo, San Francisco hivyo hivyo. Na sio kwamba serikali kuu ilifurahia, walivutana mahakamani kabisa wakitaka mtambo wa kuchuja ujengwe, mwaka 2000 jaji akakataa kulazimisha. Lakini kuachiwa kule kuna bei yake, lazima mwenye maji aonyeshe kila siku kwamba chanzo kinalindwa. Ulinzi wa msitu na ukingo ndo unafanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na mashine.

Na hofu yao kubwa sio matope ya miguuni kwa mzee. Ni vimelea vinavyotoka tumboni mwa watu na wanyama, kuna kimoja kinaitwa kriptosporidia, klorini ya bombani hakiijali. Mwaka 1993 kiliingia kwenye maji ya Milwaukee, mji wenye machujio kabisa, watu kama 400,000 wakaumwa tumbo. Baada ya hapo kila mji unaokunywa maji ya bwawa ulikaa macho.

Sasa mtu atauliza, na mzee aliuliza, miguu miwili ya binadamu kwenye lita trilioni moja na nusu inafanya nini? Kihesabu hakuna kitu, tusidanganyane. Akaongeza na nyingine, kwamba njiani tulipokuwa tunakuja aliona kulungu wanakunywa, "na hao nani anawauliza leseni?" Nilidhani kamshika askari pabaya. Kumbe hata hao wanasimamiwa. Kulungu walikuwa wamezidi mpaka wanakula miche yote ya msitu, na msitu ndo unashika udongo usiingie majini, tangu 1991 kila mwaka wanaruhusu watu wawinde kwa mpangilio. Shakwe nao, wale ndege weupe wa baharini, wanapenda kulala juu ya maji na kunya humo usiku, wanafukuzwa kwa boti na makelele wasilale karibu na bomba linapovuta. Mzee kusikia hadi ndege wanafukuzwa alinyamaza, alafu akasema kwa sauti ya chini, "basi mimi sijaonewa."

Mi nimekulia Morogoro kwahiyo akili yangu ilikuwa na bwawa lingine kabisa, Mindu. Mindu nayo inanywesha mji, na watu wanavua humo perege na kambale kwa mitumbwi, na hakuna mtu anayeshangaa mvuvi akiwa na maji kiunoni. Ila ya Mindu yanaenda kwenye mtambo yanasafishwa kwanza, na yanahitaji maana mito inayoshuka Uluguru inakuja na udongo wa mashamba. Sisemi wa kule ni bora au wa huku ni bora. Nasema kule kazi kubwa wameipa mtambo, huku kazi kubwa wameupa ukingo, na mtu akitoka kwenye utaratibu mmoja kwenda mwingine macho hayawezi kumwambia tofauti. Maji ni maji. Ndo maana hapa lazima mtu asomewe, na wa kumsomea nilikuwa mimi.

Haya, miguu imeisha, tukadhani tumemaliza. Askari akaona kile kimfuko cha mzee akaomba kutazama. Ndani kulikuwa na ndoano, kisu, na machubwi kama kumi na mawili, vile vizito vya kuzamisha mshipi, madogo, ya kung'aa, mzuri mzuri kila moja na katundu kake. Aliyatengeneza mwenyewe. Mwanae anafanya kazi gereji ya matairi, huwa anarudi na vile vyuma vya risasi, ile metali nzito sio ya bunduki, vya kubalansi magurudumu, mzee akaviyeyusha kwenye kopo la nyanya juu ya mkaa nyuma ya nyumba, akamimina kwenye mchanga alioutoboa kwa kijiti. Mi nikikumbuka nasikia aibu maana aliponionyesha nyumbani nilimsifia.

Risasi hairuhusiwi. Jimbo zima tangu 2012 machubwi ya risasi yenye uzito chini ya gramu 28 ni marufuku kwenye maji baridi, na Quabbin ilitangulia. Sababu ni ndege mmoja, wenyeji wanamwita loon, mweusi mwenye madoadoa meupe mgongoni kama kanga wa maji, macho mekundu, anapiga mbizi muda mrefu mpaka unasahau kama alikuwepo. Alishapotea jimboni, 1975 ndo wakaonekana wawili wanatagia hapa hapa Quabbin. Huyu ndege anameza vijiwe vya chini ya ziwa kwa ajili ya firigisi yake imsagie chakula, akikutana na chubwi kadogo anameza akidhani ni kijiwe, au anakula samaki aliyekata mshipi na chubwi likiwa ndani. Firigisi inasaga risasi pamoja na samaki, sumu inaingia kwenye damu, na punje moja tu inatosha kumuua.

Nilijiandaa kwa ubishi. Mzee alikuwa amebisha kwenye miguu, na hivi vitu kavitengeneza kwa mikono yake siku mbili. Lakini aliposikia habari ya firigisi alichukua kile kimfuko akakimiminia chote kwenye mkono wa askari, chubwi moja moja, bila kuambiwa. Alafu akaokota kajiwe karefu akakafunga na uzi wa mshipi kwa fundo ambalo sijawahi kuliona, akamwonyesha askari. "Babu yangu alivua na hii." Askari akalitazama lile fundo muda mrefu, akamwomba alifungue alifunge tena polepole.

Onyo likawa la mdomo tu, tukaruhusiwa kuendelea tukiwa nchi kavu. Na akapata! Mwanzo wa msimu maji bado ya baridi samaki wa baridi wanasogea karibu na ukingo, mzee akatoa trauti wa ziwa mmoja kama nusu mita, na kabla hatujaondoka akatoa na bass mnene. Tukarudi Chicopee na ndoo, ndo naingia kwenye sehemu ambayo mpaka leo sijaishinda.

Mkwe wa mzee alikuwa na mimba ya miezi sita, na nyumba ina wajukuu wawili wadogo. Safari hii nilisoma, nimeshaungua tayari. Idara ya afya ya jimbo ina ushauri wake wa samaki wa Quabbin, na wanamtaja kwa jina: bass watu wasile, na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 12 ndo kabisa, wao waishie kwa samoni na trauti wa ziwa ambaye hajafika inchi 24, yaani sentimita 61 hivi. Kisa ni zebaki. Inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe ya mitambo ya umeme, baadhi mbali kabisa, inaletwa na upepo na mvua, ikifika kwenye tope la chini bakteria wanaigeuza kuwa ile aina inayokaa mwilini. Mdudu anayo kidogo, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, inajilimbikiza mpaka juu. Bass ndo yuko juu. Na haikai kwenye mafuta useme utaikata, imo kwenye nyama yenyewe, kaanga chemsha kausha iko pale pale.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Maji hii iko safi sana hata muguu yangu itaichafua. Samaki analala mu hiyo maji, anakunywa hiyo maji. Na samaki iko na sumu. Hiyo ni hesabu gani?"

Kitaalamu jibu lipo na nilimpa: kwenye maji zebaki ni kidogo sana, ukinywa maisha yako yote haifiki popote, samaki ndo anaikusanya miaka na miaka mwilini mwake. Anaelewa, sio kwamba haelewi. Ila kumwambia mvuvi samaki mzuri wa maji mazuri ndo wa kuogopwa ni kumgeuzia dunia. Na nikifikiria vizuri hasira yake ilikuwa ya haki kuliko zote za siku ile, maana miguu tulikosea sisi, risasi tulikosea sisi, lakini hiyo zebaki hakuiweka mvuvi yeyote. Trauti alikuwa chini ya kile kipimo, mkwe akampika na nyanya na ngogwe, wote wakala. Bass mzee alikataa kutupa, akamfunga kwenye mfuko akamweka friza, na mpaka Agosti nilikuwa nikifungua ile friza kutafuta barafu namkuta ananitazama.

Kuna la boti pia, hili nipite haraka. Jamaa yetu ana kaboti ka bati anakatumia mto Connecticut, tukasema tukalete Quabbin, bahati nzuri safari hii tuliuliza kwanza. Hakaingii. 2009 kwenye ziwa moja la magharibi mwa jimbo, Laurel, walikutwa kome wadogo wenye milia wanaozaana vibaya sana na kujazana ndani ya mabomba, tangu hapo boti ya mtu binafsi lazima ioshwe kwa utaratibu au ikae baridi nzima ya kipupwe alafu ifungwe lakiri ndo ishushwe. Aliyewahi kuona gugumaji lilivyofanya ziwa Viktoria hahitaji maelezo zaidi. Tukakodi boti ya hapo hapo getini, ambayo haijui maji mengine.

Siku hiyo ya boti ilikuwa mwisho wa Juni. Kutoka majini unaona barabara ya zamani, lami kabisa, inashuka mlimani inaingia majini inapotea. Mzee akauliza inaenda wapi. Nikamwambia kulikuwa na miji minne bondeni, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa kisheria tarehe 28 Aprili 1938, watu kama 2,500 wakahamishwa, makaburi zaidi ya 7,500 yakafukuliwa na kupelekwa kwingine, nyumba zikabomolewa, miti ikafyekwa, mto ukazibwa, na bonde likachukua mpaka 1946 kujaa. Ili Boston inywe. Mzee akazima injini. Tukaelea pale juu ya ile barabara, hakuuliza kitu kingine, mi nami sikuongeza. Baadaye akasema tu, "Makaburi walibeba? Hiyo ni vizuri."

Mchana akapata trauti wawili, mikono ikawa na ute wa samaki mpaka viwiko. Akainama pembeni ya boti kunawa, mkono ukafika kama shubiri moja juu ya maji, ukasimama. Akanitazama. Akarudisha mkono, akachukua chupa ya maji aliyoijaza asubuhi kwenye bomba la jikoni Chicopee, akanawa taratibu juu ya ndoo, akainywa iliyobaki, alafu akaigeuza ile chupa kichwa chini kunionyesha imeisha.

"Na hii, mutoto wangu, iko ruhusa?"

Nikamwambia hiyo ruhusa, baba.

"Iko ya wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, hapo hapo chini ya boti.

Mzee alicheka mpaka boti ikatikisika.